Mlinzi hakulala, saa yangu ndo ilisinzia

Kuna mama mmoja hapa Mwanza anafanya biashara ya samaki, sato na sangara, ana chumba cha baridi chake na jenereta ya kuwasha kwa mkono umeme ukikatika. Alinipa kazi ya kumtengenezea kidude cha kuandika matukio matatu tu, umeme umekatika saa ngapi, jenereta imeanza kulisha chumba saa ngapi na joto la ndani likoje kila baada ya dakika kumi. Nikafunga Arduino Uno, ubao mdogo wa kompyuta unaoupangia programu, moduli ya saa ya DS3231 yenye kibetri chake cha duara, sensa ya joto ya DS18B20 ile ya kuzuia maji, rilei mbili za kunusa umeme na jenereta, na kadi ya SD ya kuandikia. Nguvu inatoka kwenye adapta yenye kibetri kidogo cha akiba ambacho nilikitoa kwenye mzigo wa zamani, kimechoka, kinashikilia ubao dakika moja hivi kisha kinazima. Nilijua kimechoka, nikasema haina shida, ubao ukizimika si utawaka jenereta ikiwaka, na kile cha muhimu kishaandikwa.

Miezi minne kimya. Siku moja asubuhi mama ananipigia, mwanangu njoo uniprintie ile karatasi, nataka nimwonyeshe mtu. Mtu mwenyewe ni mlinzi wa usiku, mzee wa makamo, yupo pale miaka mingi kabla hata ya hicho chumba. Kuna mtu kamnong'oneza mama kwamba mlinzi wako analala, kwa hiyo mama kaichomoa kadi, kampa kijana wa dukani aisome kwenye kompyuta, na mistari waliyoikuta, ya tarehe ya Jumatano, ni hii:

02:23:41, UMEME, 0, -17.94
04:22:10, JENERETA, 1, 85.00
04:32:10, JOTO, , -17.50

Usome kama alivyosoma mama. Umeme umekatika saa nane na dakika ishirini na tatu usiku, jenereta imewashwa saa kumi na dakika ishirini na mbili, yaani masaa mawili kasoro dakika moja samaki wamekaa bila umeme na mlinzi yuko hapo hapo mita kumi. Tena jenereta ilivyowaka chumba kinasoma nyuzi 85, mama ananiuliza kwa upole kabisa, mwanangu hawa samaki walichemka? Hasira zote kaziweka kwa mlinzi, keshaamua mshahara wa mwezi unakatwa nusu, na mimi ndo nimeitwa kama shahidi kwa sababu kidude ni changu.

Hiyo 85 nilijua ni nini na ndo iliyonifanya nisikimbilie kukubali. DS18B20 ikipata umeme kwa mara ya kwanza, kabla haijamaliza kupima, rejista yake ya joto, yaani kijisanduku cha kumbukumbu ndani ya chipu, ina namba 85 tayari, imewekwa hivyo kiwandani, na kipimo kamili cha biti 12 kinachukua mpaka milisekunde 750, sasa ukiisoma haraka haraka inakupa 85 yako unaondoka nayo. Kwa hiyo kila ukiiona 85.00 kwenye faili langu maana yake ubao umetoka kuwaka muda huo huo. Sawa, ubao ulizimika kibetri kilipoisha, ukawaka na jenereta. Nikamweleza mama, akaelewa, ila akasema vizuri tu, hiyo haiondoi masaa mawili.

Nikaenda kwa mzee. Shikamoo mzee, marahaba fundi, akanitolea daftari lake la mistari lililokunjamana, anaandika kila kitu humo, magari yanayoingia, nani kachukua ufunguo, kila kitu. Limesomeka hivi: "J'nne usiku saa 10 na robo umeme umekata. Saa 10 na dk 22 jenereta tayari. Nimebip kwa mama." Mama naye kwenye simu yake kuna mlio wa kupigiwa aliokosa wa 04:24, ila anasema hiyo haimsaidii mlinzi chochote, aliamka saa kumi akashtuka ndo akabip. Halafu akaongeza, na hata siku kaikosea, kidude kinasema Jumatano yeye kaandika Jumanne, anabuni huyu.

Hapa nilitaka kucheka lakini mazingira hayakuruhusu. Mzee hajakosea siku, kwake yeye ule ni usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano na ndivyo tunavyosema wote majumbani, kidude ndo kinabadilisha tarehe saa sita usiku kwa sababu DS3231 haijui kwamba usiku ni mmoja mpaka kupambazuke. Na masaa yake ni ya Kiswahili, ya kidude ni ya kizungu, kwa hiyo mama alikuwa anaweka karatasi mbili pembeni ambazo hazizungumzi lugha moja. Lakini ukishazilinganisha zote, saa za jenereta zinakubaliana hadi dakika, 04:22 na saa kumi na dakika 22. Wanachogombana ni saa ya kukatika tu. Mmoja anasema saa nane na dakika 23, mwingine saa kumi na robo.

Ndo nikaanza kuikagua saa, na nikaanza pale ambapo kila mtu angeanzia, kwenye RTC yenyewe, yaani hiyo DS3231 inayotunza saa kwa kibetri chake. Kuna ugonjwa maarufu sana, mtu anaacha kwenye programu ule mstari wa kuipa RTC tarehe ya kompyuta wakati wa kupakia, sasa kila ubao ukiwaka saa inarudi kwenye siku ile ile uliyopakia programu. Kwangu haukuwepo, niliutoa, na ingekuwa hivyo tarehe zingerudi miezi minne nyuma si masaa mawili. Nikaangalia betri, ina volti 3 safi. DS3231 ina biti moja, alama ya 0 au 1, kwenye rejista ya hali, rejista 0F biti ya 7, inajiwasha kama kristali, kile kijiwe kinachotoa mapigo ya saa, iliwahi kusimama hata mara moja, nikaisoma, sifuri. Mwisho nikaisoma saa yenyewe nikaiweka pembeni ya simu yenye intaneti, tofauti sekunde 11. Kwa miezi minne hiyo ni nzuri tu, chipu inaahidi kukosea si zaidi ya sehemu 2 kwa milioni ukiwa kati ya nyuzi 0 na 40, ambayo ni kama dakika moja kwa mwaka mzima. Kwa siku 120 inaruhusiwa sekunde 20 na ushee. Mzima kama chuma.

Sasa saa ni nzima, ila muda ulioandikwa ni mbovu. Nilikaa nayo hiyo sentensi kichwani njia nzima ya kurudi nyumbani.

Nikafungua programu yangu mwenyewe niliyoandika kwa fahari miezi minne nyuma. Kwenye kuwaka, inaisoma DS3231 mara moja, inachukua ule muda inaukabidhi kwa kihesabio cha ndani cha maikrokontrola, chipu kuu ya ubao, na kuanzia hapo tukio lolote likitokea inauliza kihesabio, RTC haiulizwi tena mpaka ubao uzimike uwake. Kwa nini nilifanya hivyo? Niliona kwenda kusoma RTC kila mara kutachelewesha, kumbe kusoma baiti saba za muda kwenye I2C, zile nyaya mbili za chipu kuongea na chipu, ya kilohezi 100 ni biti kama 90, haifiki milisekunde moja. Nilibana matumizi ya milisekunde moja nikapoteza masaa mawili. Na mbaya zaidi nilikuwa naamini muda wangu unatoka DS3231, kwenye karatasi ya kazi niliyompa mama niliandika hivyo hivyo kabisa, saa ya usahihi wa hali ya juu.

Kihesabio cha ndani kinahesabu mapigo ya saa kuu ya ATmega328P, ndiyo maikrokontrola yenyewe, megahezi 16, na hayo mapigo kwenye Uno hayatoki kwenye kristali. Wengi tunadanganyika na lile kopo la chuma linalong'aa pale ubaoni, lile ni la chipu ya USB. ATmega yenyewe inalishwa na rezoneta ya kauri, kikitu kidogo cha miguu mitatu, bei chee, na usahihi wake ni kama asilimia 0.5. Asilimia nusu inasikika ndogo, ila siku ina sekunde 86,400, nusu asilimia yake ni sekunde 432, dakika saba na kidogo. Kwa siku. Saa ya ukutani ya plastiki ya sokoni inaishinda mbali sana, maana ile ina kristali ya hezi 32,768, igawe mbili mara kumi na tano unapata pigo moja kwa sekunde, na hata ikikosea sehemu 20 kwa milioni ni sekunde moja na nusu hivi au mbili kwa siku.

Kwa hiyo kisa kinaweza kuwa hivi: ubao uliwaka mara ya mwisho, ukachukua muda sahihi, ukaanza kuchelewa dakika saba kila siku, taratibu, bila mtu kujua kwa sababu hakuna aliyekuwa anaangalia. Siku umeme unakatika, ubao unaandika "umeme umekatika" kwa saa yake iliyochelewa. Dakika moja baadaye kibetri kilichochoka kinaishiwa. Mzee anawasha jenereta, ubao unaamka, unaisoma RTC, unapata muda sahihi, unaandika "jenereta imewaka" kwa saa sahihi. Mistari miwili iliyofuatana kwenye faili moja, imeandikwa kwa saa mbili tofauti, na tofauti ya hizo saa mbili imesomwa kama usingizi wa mtu.

Sema hiyo bado ni nadharia, na mimi ndo mwenye kosa, ningeenda kwa mama na maneno matupu angeona namtetea mzee. Nikachukua mistari ya mwezi ule yote. Umeme ulikatika mara nne kiasi cha kuwasha jenereta. Kwa kila mara nikaangalia vitu viwili, pengo kati ya kukatika na jenereta, na siku ngapi zimepita tangu ubao uwake mara ya mwisho. Mara moja ulikatika siku ile ile, masaa matano na nusu tu tangu uwake, pengo dakika 6. Mara nyingine baada ya siku tatu, pengo dakika 27. Baada ya siku tano, dakika 39. Na hii ya kesi, baada ya siku kumi na sita, dakika 119.

Toa dakika saba kwa kila siku uone. Tatu mara saba 21, zinabaki 6. Tano mara saba 35, zinabaki 4. Kumi na sita mara saba 112, zinabaki 7. Ile ya siku ile ile, toa dakika moja na nusu, inabaki nne na nusu. Mzee kila mara anatumia dakika nne mpaka saba, kutoka kibandani, kufungua mlango wa jenereta, kuangalia mafuta, kuvuta, kugeuza swichi kubwa, na hiyo ya dakika saba ni ya saa kumi usiku gizani. Hakuna usingizi duniani unaoongezeka dakika saba kila siku kwa kufuata lini kidude kiliwaka.

Na kulikuwa na zawadi ndani ya hizo nne. Ile ya siku tano ilikuwa mchana, faili linasema umeme 11:46, jenereta 12:25, na siku hiyo mama mwenyewe alikuwepo, yeye ndo alimpigia mzee kelele awashe, wakawasha hapo hapo. Nilimuuliza kabla sijamwonyesha chochote, mama siku ile ya mchana umeme ulipokatika mlikaa muda gani, akasema aah hata dakika tano hazikufika mwanangu, nilikuwa nimesimama pale pale. Ndo nikamwekea karatasi, dakika 39. Akaisoma. Akairudia. Akasema, hii si kweli. Nikamwambia ndiyo mama, si kweli, na ile ya usiku si kweli vile vile, ni ugonjwa mmoja.

Nilichukua pia ubao nikaulaza nyumbani mezani siku nzima pembeni ya simu, ukachelewa dakika saba na sekunde chache. Hilo halikuwa la mama, lilikuwa la kwangu mimi. Kuna joto pia, baada ya jenereta kuwaka chumba kilisoma -17.50 kutoka -17.94, hakijapanda hata nusu nyuzi, unaweza kusema masaa mawili yangepandisha zaidi, lakini chumba kilichojaa samaki walioganda kinapanda polepole sana kwa hiyo sikutaka kuitegemea hiyo. Pia nashukuru rezoneta yangu ilikuwa inachelewa, ingekuwa inawahi basi faili lingesema jenereta imewaka kabla umeme haujakatika, wote tungecheka siku ya kwanza na mzee asingeingia matatani kabisa. Kosa linalofanana na ukweli ndo linalokata mshahara wa mtu.

Marekebisho sasa. La kwanza ni jepesi, kila tukio linaisoma DS3231 palepale, kihesabio cha ndani hakiandiki tarehe tena. Na ninasoma baiti zote saba kwa mkupuo mmoja, si dakika kwanza halafu saa baadaye, maana ukisoma 59 ya dakika ikiwa ni saa tatu, kisha kabla hujasoma saa ikageuka saa nne, utaandika saa nne na dakika 59 na utatafuta mchawi. Chipu inapiga picha ya muda wote mwanzo wa mkupuo, kwa hiyo ukizichukua pamoja ziko salama. Namba zimo kwa mtindo wa tarakimu mbili mbili kwenye nusu baiti, 22 inakaa kama 0x22, namba ya mtindo wa kumi na sita, ukisahau kuigeuza inasomeka 34, hilo nililipitia zamani sana.

La pili ndo ninalolipenda zaidi. Kila mstari sasa una safu mbili za ziada, namba ya mstari inayopanda bila kurudi nyuma hata ubao ukizimika, inakaa kwenye ile kumbukumbu ndogo ya baiti 4096 iliyo kwenye moduli hiyo hiyo ya saa, na sekunde tangu ubao uwake kwa kihesabio kile kile kibovu. Sikukitupa. Saa mbili zikiandikwa pembeni pembeni, ikija siku zinaachana unajua kuna kitu, ikiwa moja tu huna wa kumuuliza. Na ubao ukiwaka unaandika mstari wake wenyewe, NIMEAMKA, pamoja na ile biti ya kristali kusimama, ili msomaji aone kwamba hapa kulikuwa na giza na anachokiona kabla na baada hakikuandikwa kwa pumzi moja. DS18B20 nayo kipimo cha kwanza kinatupwa, mama asiniulize tena habari za kuchemka.

Kibetri cha akiba nimeweka kipya kwa gharama yangu. Na wakati moduli iko mkononi niling'oa ile rezista ndogo ya ohm 200 karibu na daiodi, hizi moduli za bei rahisi zina njia ya kuchaji betri na ukiilisha volti 5 huku umeweka CR2032, kile kibetri cha duara, ambayo si ya kuchajiwa, unaiharibu taratibu na inaweza kuvimba. Ilikuwa haijavimba, bahati tu.

Karatasi ya mama ndo iliyonichukua muda kuliko saketi. Ndani ya kadi muda unabaki masaa 24 na tarehe ya kawaida, hapa kwetu hatusogezi saa mbele na nyuma kama Ulaya kwa hiyo sikujipa taabu hiyo, ila kinachotoka kwenye printa ni Kiswahili. Saa ongeza sita, ikizidi kumi na mbili toa kumi na mbili, mpaka ibaki kati ya moja na kumi na mbili. Saa 04 inakuwa kumi, 12 inakuwa sita. Na kitu chochote kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi kinaandikwa "usiku wa kuamkia" siku hiyo, kwa hiyo ule mstari wa kesi ukiuandika leo kwa saa sahihi unatoka: umeme umekatika saa kumi na robo usiku wa kuamkia Jumatano. Ukiweka pembeni ya daftari la mzee ni kitu kile kile.

Mama alimwita mzee mbele yangu, akamwambia baba nisamehe, niliambiwa vibaya. Mzee akasema yameisha, halafu akanigeukia mimi, fundi na wewe je? Nikasema mzee naomba radhi, mashine yangu ilikusingizia. Akaguna tu.

Umeme umekatika tena wiki iliyopita, siku tisa tangu ubao uwake. Karatasi inasema dakika tano, daftari linasema sita. Ile safu ya kihesabio kibovu iko nyuma ya RTC kwa dakika 63, tisa mara saba. Mama aliuliza kama daftari sasa liachwe maana kidude kimetengemaa, mimi ndo nikaomba liendelee kuandikwa.